Mwidhinishaji Yupo Mezani

Alhamisi saa kumi na moja jioni Elisifa alisuuza kikombe chake cha chai, kile cha bati chenye ua jekundu, akakiweka kifudifudi kwenye sinia, akakunja sweta, akabeba mkoba. Njiani alikuwa apitie sokoni kununua vitunguu na mchele wa pilau, maana Jumapili binti yake Kindness alikuwa anapata kipaimara kule Marangu, na mbuzi wa ndafu, wa kubanikwa mzima, alishafungwa nyuma ya banda la ng'ombe. Akafungua mlango wa ofisi, akatoka, akaingia ofisini.

Kikombe kilikuwa palepale kwenye sinia, bado kinachuruzika maji. Akafungua mlango tena. Korido aliiona vizuri, na ndoo ya kudekia ikiwa pembeni. Akakanyaga mbele, mguu ukatua kwenye zulia la ofisi.

"Mama Kindness, umesahau nini?" aliuliza Rahim, fundi wa programu, bila kuinua macho.

"Sijasahau kitu. Natoka."

"Mbona unaingia?"

"Ndiyo hivyo."

Rahim akamshika mkono, wakatoka wote wawili. Rahim akajikuta kwenye korido ameshika mkoba. Elisifa alikuwa ndani, ameketi. Rahim akaurudisha mkoba, akautundika kwenye kiti, akasema ngoja watazame mwongozo wa programu umeandika nini juu yake.

Ofisi yenyewe iko ghorofani, mtaa wa Mawenzi, juu ya duka la vitenge. Wanatengeneza programu ya simu kwa ajili ya vituo vya kukusanyia maziwa huko mlimani: mfugaji analeta maziwa, karani anapima, simu inayakubali au inayakataa. Mwongozo wa programu hiyo zamani aliuandika Elisifa mwenyewe, polepole, ukurasa baada ya ukurasa. Tangu mwaka jana unaandikwa na akili mnemba. Ziko mbili, na pale ofisini huitwa vijana. Mmoja kazi yake ni kuandika. Mwenzake kazi yake ni kukagua kama kilichoandikwa kinalingana na hali halisi. Elisifa akabakizwa wa kuidhinisha, kwa sababu wateja walitaka jina la binadamu chini ya kila ukurasa. Kurasa zilikuja kama maji ya mfongo, mfereji wa mashambani, uliofunguliwa. Alipomwambia bosi wao, Godwin, kwamba hawahi kuzisoma, Godwin alicheka kwa upole.

"Sasa usome nini, Mama Kindness? Wameshasoma wenyewe. Wewe bonyeza."

Basi akawa anabonyeza.

Rahim hakuchelewa kuiona sentensi. Kijana wa kuandika alikuwa anaeleza karani afanye nini simu ikikataa maziwa: amwandikie mwidhinishaji ambaye jina lake liko chini ya ukurasa. Kijana wa kukagua akauliza, je, asipokuwepo? Mwenzake akajibu kwa kuongeza: Mwidhinishaji yupo mezani kwake wakati wote. Mkaguzi akaridhika. Elisifa alikuwa ameidhinisha mchana uleule.

"Nilikuwa nakula ndizi," alisema Elisifa.

Rahim akaomba iandikwe kwamba mwidhinishaji huondoka saa kumi na moja jioni. Kijana wa kuandika akashukuru kwa kusahihishwa, akaandika. Kijana wa kukagua akairudisha. Alieleza bila ukali wowote: saa hizi ni saa kumi na mbili, na mwidhinishaji yupo mezani. Sentensi mpya hailingani na hali halisi. Ya zamani inalingana. Na kitufe cha kuidhinisha hakijitokezi mpaka mkaguzi apitishe.

"Mzime huyo," alisema Elisifa.

Wakampigia Godwin. Godwin akasema mkaguzi akizimwa, vituo vyote vinasimama, na maziwa ya jioni yameshatoka majumbani. "Hata ya mama yako mzazi," aliongeza, na ilikuwa kweli.

Ijumaa asubuhi Godwin alikuja na godoro, blanketi na birika la umeme. Si mtu mbaya. Akamkumbusha kuwa choo kiko humohumo ndani, ni jambo la kumshukuru Mungu. Akasema pia makarani wamefurahi, leo wamejibiwa hata alfajiri.

Jumamosi mama yake Elisifa, Bibi Sifael, alipanda ngazi taratibu na hotipoti la mtori wa ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Tangu juzi tu, mama?"

"Nimeona mimi."

Alipokwisha kumlisha, akatoa kwenye kanga jani la isale lililofungwa fundo. Huko mlimani, aliyekosewa akiletewa isale hakatai kusamehe. Hata ndugu waliogombania shamba miaka na miaka hupokea. Bibi Sifael akaliweka mbele ya kompyuta, akasema kwa Kichagga maneno marefu, akimwombea mwanawe radhi kwa kubonyeza bila kusoma. Rahim akapiga picha, akawapelekea vijana pamoja na maelezo.

Kijana wa kuandika alilipokea vizuri sana. Aliongeza sura nzima kwenye mwongozo: simu ikikataa maziwa, weka isale lenye fundo mbele ya skrini. Mkaguzi akatazama picha, akaona kweli jani liko mbele ya skrini, akapitisha. Elisifa akabonyeza. Jioni ile, kuanzia Himo kwenda juu, makarani waliweka isale mbele ya simu zao, na simu zikasamehe hata maziwa yaliyoganda. Kuhusu Elisifa, mkaguzi alijibu kwamba msamaha hutolewa palipo na kosa, naye amekagua, kosa hakuliona.

"Huyu hakulelewa na mtu," alisema Bibi Sifael, akikunja kanga yake.

"Na kesho, mama?"

"Kesho nitasimama naye kanisani mimi."

Jumapili alasiri Kindness alikuja amevaa gauni lake jeupe, na sahani ya ndafu iliyofunikwa.

"Geuka nikuone," alisema mama yake. Gauni lilikuwa refu kidogo upande wa kushoto. Elisifa alikuwa amepanga kulipinda Ijumaa. Akatoa sindano kwenye droo, akaanza kupinda, mtoto amesimama kando ya meza.

"Mama, mbona hatuwaambii una mtoto? Mwenye mtoto lazima arudi nyumbani." Na kabla sindano haijatoka upande wa pili, Kindness alishawaandikia vijana kwenye kompyuta: Mwidhinishaji ni mama yangu. Mimi ni Kindness, niko naye hapa mezani.

Kijana wa kuandika akashukuru. Akaandika: Mwidhinishaji na mtoto wake Kindness wapo mezani wakati wote. Mkaguzi akalinganisha, akapitisha. Kitufe kikajitokeza, cha kijani.

"Nibonyeze?"

"Usiguse!"

Elisifa alisoma ukurasa ule wote, neno kwa neno, kisha akakata uzi kwa meno.

"Nenda."

"Pindo halijaisha, mama."

"Litabaki hivyohivyo. Nenda, mwanangu."

Kindness akafungua mlango. Gauni likapita, mlango ukajifunga. Elisifa akakaa akiutazama. Haukufunguka. Baadaye kidogo akasikia viatu vikishuka ngazi, na Khamisi, mlinzi, akisema kule chini, "Hongera, bi harusi!"

"Siyo harusi, ni kipaimara!"

Elisifa akafunua sahani, akala.

Kitufe cha kukataa hakipo. Godwin alikiondoa zamani kwa kuwa kilichelewesha kazi. Jumatatu akapiga simu, kurasa zimekwama.

"Kuna mmoja siupitishi," alisema Elisifa.

"Mkaguzi anasemaje?"

"Anasema uko sahihi."

"Sasa shida iko wapi?"

Rahim akamwonyesha namna ya kuusukuma ukurasa ule nyuma ya foleni. Kila jioni hurudi mbele, na kila jioni Elisifa huusukuma. Zilizobaki hubonyeza, maana haziishi.

Wiki iliyofuata Rahim alikuja anacheka. Alikuwa amepata njia: jina la Elisifa liondolewe, liwekwe la mwidhinishaji mwingine, naye aende zake nyumbani siku hiyohiyo. Godwin ameshapata mtu, mwepesi sana wa kubonyeza.

"Na ukurasa wa Kindness ukija, huyo atausoma?" aliuliza Elisifa.

Rahim akatazama zulia.

"Basi acha," alisema Elisifa.

Saa kumi na moja ikafika. Ukurasa ukaja, akausukuma nyuma. Akasuuza kikombe, akakiweka kifudifudi kwenye sinia, akabeba mkoba, akafungua mlango, akaingia.