Shilingi Moja Juu ya Masasi

Mzee Nurdini hakuwahi kumwamini mtu mwenye akili. Karani mwenye akili, alizoea kusema, huanza kwa kufikiri na humaliza kwa kuiba. Kwa hiyo mwaka ule wa sitini na tano, kabla hajaondoka Newala kwenda Hija, alimwita karani wake Ambakisye ghalani, akabandika karatasi ukutani kwa gundi ya ugali. Akamsomea mwenyewe, kwa sauti, ingawa Ambakisye alikuwa amesoma mpaka darasa la nane kwao Tukuyu na angeisoma vizuri zaidi.

"Kila lori la Barnaba likifika, muulize bei ya juu ya gunia la makopa kule Masasi. Ongeza shilingi moja. Nunua kwa bei hiyo chochote kitakacholetwa. Usiuze hata kibaba mpaka nirudi. Usiulize. Usifikiri."

Makopa, ule muhogo mkavu, ndiyo chakula cha watu wa uwanda wa Makonde katika miezi ya kungoja mavuno.

"Mkulima huifuata shilingi," Mzee alieleza. "Mzidi wa Masasi kwa shilingi moja tu, mzigo wote wa vijiji vya Mnyambe utateremka hapa. Mwezi wa tatu njaa ikibisha hodi, chakula kiko kwangu. Ni mashine hii, Ambakisye. Wewe zungusha mpini tu."

Akamwachia funguo na sanduku la chuma, akaenda zake kumwomba Mungu.

Mashine ilizunguka. Barnaba alipita mara mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa. Safari ya kwanza alisema Masasi ni kumi na tatu. Ambakisye akaandika kumi na nne kwa chaki mlangoni. Ijumaa Masasi ilikuwa kumi na tano. Akaandika kumi na sita. Jumanne kumi na saba. Watu wa Mnyambe wakaja na magunia kichwani na juu ya baiskeli, wakicheka. Hata mkwewe, Bibi Bernadeta, mama wa mke wake Imakulata, alileta magunia manane, akainamisha uso kwa heshima ya ukwe, akapokea fedha yake, akaezeka nyumba kwa bati. Kijiji kizima kilikwenda kulitazama bati lile.

Kufikia Krismasi bei ilipita ishirini na nane, na Ambakisye akaanza kukosa usingizi.

Si bei peke yake iliyomtisha. Bei hupanda, kila mtu anajua. Kilichomtisha ni ile shilingi moja. Akiandika thelathini, Masasi walirudisha thelathini na moja. Akiandika thelathini na mbili, thelathini na tatu. Hawakuzidisha mbili hata siku moja, hawakusimama, hawakuchoka. Ni kama kulikuwa na mtu huko aliyekuwa akichungulia begani kwake kila akishika chaki.

"Ni nani huyo?" alimuuliza Barnaba.

"Sijamwona. Hutuma mtoto tu aniulize bei ya hapa. Kuna ghala moja pale Mkomaindo, mlango haufunguliwi ila siku ya kununua." Barnaba alishusha sauti. "Watu wanasema ni kibaraka wa Mreno."

Siku zile ng'ambo ya mto Ruvuma mabomu ya Mreno yalikuwa yakilia, na wakimbizi walipanda uwandani kila juma wakiwa na watoto mgongoni na vyungu vitupu. Maneno ya Barnaba yalimwingia Ambakisye baridi mpaka kwenye mifupa. Bila shaka! Mreno ameweka mtu Masasi anunue chakula chote, wakimbizi wafe, na wanaowahifadhi wafe nao. Na fedha za Mreno hazina mwisho. Alitazama sanduku la chuma, ambalo mwisho wake ulikuwa ukionekana, akaongeza shilingi moja.

Mwezi wa pili Bibi Bernadeta alirudi. Safari hii hakuja na gunia, alikuja na fedha.

"Baba, niuzie japo debe moja."

"Mama, karatasi inanikataza."

"Nilikuletea manane."

"Najua, mama."

Mkwewe aliutazama ukuta badala ya kumtazama yeye. "Bati haliliwi, baba," akasema, akaondoka. Jioni ile Imakulata, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, alipika uji mwepesi akampelekea mama yake. Kesho yake alimwambia mumewe jambo moja tu.

"Wanauliza kwa nini mtu wa kuja, ambaye hana hata kaburi la babu yake hapa, ndiye mwenye funguo za chakula."

Ambakisye aliogopa sana. Alijua mji ukishikwa na njaa haukosi kumtafuta mgeni.

Haikupita siku ya pili akaja Mzee Modest, balozi wa nyumba kumi, mtu mpole ambaye upole wake ulimtia mtu jasho. Aliipokea shikamoo ya Ambakisye, akakaa juu ya gunia.

"Mwanangu, wewe una hesabu. Panda lori la kesho, nenda Masasi ukamtazame huyo kibaraka, utuletee jina lake. Watu wanataka jina." Akanyanyuka, akajipangusa suruali. "Ukirudi bila jina, watasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi mtu mmoja sitaweza kuwazuia."

Njia nzima ya kushuka uwandani Ambakisye alikuwa akimwona akilini yule kibaraka: mnene, ana miwani, ana bastola mezani.

Ghala la Mkomaindo lilikuwa na alama za mawe yaliyorushwa mlangoni. Alibisha. Alibisha tena. Mlango ukafunguka upana wa mkono, na ndani alimwona mwanamke mwembamba, ameinua mchi kwa mikono miwili.

"Kama umetumwa na Newala," yule mwanamke alisema, "mwambie huyo kibaraka wenu aniache. Sina fedha tena. Ananifuata shilingi kwa shilingi kama shetani. Amepata wapi fedha zote hizo?"

Ambakisye alichungulia juu ya bega lake. Nyuma ya mwanamke aliona ukuta, na ukutani karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya ugali. Mwandiko ule aliujua kama anavyojua harufu ya ghala lake: *Kila lori likifika kutoka Newala, uliza bei ya juu. Ongeza shilingi moja. Usiulize. Usifikiri.*

Akaketi kizingitini.

"Dada," alisema, "Mzee Nurdini ni nani wako?"

"Mjomba wangu. Ghala hili ni lake, ila ameliandika kwa jina langu, Mwanakombo, ili wakeze wasilijue. Alinikataza nisimwambie mtu." Mchi ukashuka. "Wewe umemjuaje?"

Akamweleza. Mwanakombo alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Karibu miezi mitatu walikuwa wamekimbizana, wawili hao, kila mmoja akimkimbia mwenzake na kumfukuza kwa wakati ule ule. Mzee mmoja amejipandishia bei mwenyewe kwa fedha zake mwenyewe, na chakula cha wilaya mbili kimelala kwenye maghala yake mawili kikiliwa na wadudu.

"Mjomba atatuua," Mwanakombo alisema.

"Mjomba yuko Makka, dada. Wenye mawe wako mlangoni."

Wakakubaliana. Ijumaa, asubuhi ile ile, wote wawili wafungue na kuuza kwa kumi na nne, bei ya siku ya kwanza. Hasara atajua Mzee. Ambakisye akaibandua karatasi ya Mwanakombo, akaikunja, akaitia mfukoni iwe ushahidi. Ndani ya lori alijaribu kuona raha lakini hakuiona. Angeweza kulitaja jina la Mwanakombo, na watu wangeshiba jina hilo kwa siku kadhaa. Wazo lile lilimjia mara tatu kabla ya kijiji cha Chiungutwa, na kila lilipokuja alijichukia, na kila alipojichukia lilirudi.

Ijumaa asubuhi walikuwa wamejaa mbele ya ghala la Newala, watu kama sitini, wenyeji na wakimbizi, wengine na mapanga ambayo siku nyingine yangekuwa mapanga ya shamba tu. Bibi Bernadeta alikuwa mbele. Imakulata alisimama kando, mkono juu ya tumbo.

"Jina," alisema Mzee Modest.

Ambakisye alizitoa karatasi zote mbili, ya Masasi na ya Newala, akaziinua pamoja. Akazisoma kwa sauti. Alieleza kumi na tatu na kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita, akaeleza mpaka mtoto mdogo angeelewa. "Hakuna kibaraka," alimalizia. "Hakuna Mreno. Ni karatasi mbili zilizokuwa zikijibizana. Zilipandisha bei zenyewe."

Mkimbizi mmoja, mzee aliyekuwa akiegemea fimbo, alimuuliza jirani yake kwa Kimakonde, na jirani akamfasiria, na yule mzee akatikisa kichwa.

Mzee Modest alizipokea karatasi. Akazigeuza huku na huku, akazipima kiganjani. Zilikuwa nyepesi.

"Karatasi haina mikono, mwanangu," alisema kwa upole wake ule ule. "Nani alishika chaki? Nani alipima?"

Ambakisye alitaka kusema aliamrishwa. Alitaka kusema yeye ni karani tu, ana mke, mtoto yu njiani. Badala yake aliitazama mikono yake, na watu wakaitazama. Ilikuwa myeupe kwa vumbi la makopa mpaka kwenye viwiko. Hata alipoinawa kila jioni vumbi lile lilibaki kwenye mikunjo ya vidole.

"Mimi," alisema.

Hakuna aliyesogea. Alingoja jiwe la kwanza, na akajua kwamba hata likija hatakuwa na la kulijibu.

Bibi Bernadeta ndiye aliyesogea. Alipita mbele ya balozi, akaufuta mlango kwa ncha ya kanga yake mpaka sitini na nne ya chaki ikatoka, akaweka kikapu chake miguuni pa mkwewe. Kwa mara ya kwanza tangu harusi alimtazama usoni, na hapakuwa na msamaha katika macho yale.

"Mikono si hiyo?" alisema. "Basi pima."

Ambakisye aliingiza ufunguo tunduni. Nyuma yake watu sitini walisimama, wengine wakiwa na mapanga, wakingoja kuona kama mikono ile itajua pia kutoa.