Mji wa Shangazi Haukufutika

Fundi aliirudisha kompyuta ya shangazi ikiwa imefutwa vumbi mpaka kwenye matundu ya nyuma. Shangazi akaiwasha, akafungua gemu lake la kujenga mji, akakuta uwanja mtupu na maneno: "Anza mchezo mpya."

Mji ule aliujenga na mumewe kwa miaka minne. Mumewe ndiye aliyepanga barabara na madaraja, ndiyo maana sote tunamwita Meya. Tangu macho yake yafifie mwaka jana, kila alasiri shangazi humsimulia yanayotokea mjini, naye hutoa amri. Wakianza upya, angeupangaje mji ambao hajawahi kuuona?

Shangazi akampigia fundi kuuliza data za gemu lake ziko wapi.

"Hizo zimefutika, mama," fundi akasema huku akitafuna. "Nimewafungulia akaunti mpya, safi kabisa. Anzeni tena. Kwani si mchezo tu?"

"Mchezo ni huu unaonichezea wewe!" Akakata simu.

"Basi, mke wangu," Meya akasema taratibu. "Yaliyopita si ndwele."

"Haya ni ndwele!" Shangazi akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake. Alitunza mafaili ya wagonjwa hospitalini miaka thelathini na moja. "Wavivu wote walikuwa wakiniambia faili limepotea. Faili halipotei, linawekwa kabati lisilo lake. Kama akaunti hii ni mpya, ya zamani ameitupa wapi? Wewe, kaa hapa utafute."

Nikakaa. Kwenye folda ya watumiaji nikakuta majina mawili: "Mteja", lililowekwa na fundi, na "Meya". Nikabofya la pili. Kompyuta ikasema sina ruhusa.

"Ruhusa? Nyumbani kwangu?" shangazi akafoka. "Bofya endelea!"

Ndani ya nyaraka kulikuwa na folda yenye jina la gemu, na humo mafaili sitini na mawili, la mwisho la Jumanne, siku moja kabla kompyuta haijaenda kwa fundi. Nikayanakili yote kwenye folda kama hiyo upande wa Mteja, maana huko ndiko gemu lilikokuwa likichungulia. Tukalifungua tena.

"Mji upo?" Meya akauliza.

"Upo. Foleni ya darajani imefika sokoni," nikamjibu.

"Si nilisema lipanuliwe!" Akavuta kiti karibu, akicheka.

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshika simu tena.

"Tumeyakuta," akamwambia fundi. "Hukufuta, hukutafuta. Sasa niambie, umewaambia wangapi kwamba vyao vimefutika?"

"Unajua, mama, kazi huwa nyingi..."

"Wangapi?"

"Kama... watatu hivi, mama. Mmoja alikuwa na picha za harusi."

"Wapigie. Leo hii."

Kesho yake asubuhi fundi alipiga mwenyewe, sauti imenywea, akiuliza aanzie folda gani. Shangazi akamwelekeza hatua kwa hatua, akamrudisha mwanzo mara mbili, na alipoambiwa "asante" hakuitikia "karibu".