Viatu vya Matano Chini ya Swichi

Pale Wete, kwenye kiwanda cha kupika mafuta ya makonyo ya karafuu, kanuni ya umeme ilikuwa moja na haikuwa na mjadala. Fundi akitaka kushika waya huzima swichi kubwa, akavua viatu vyake vya mti na kuviacha chini yake. Viatu vikiwapo, mtu yuko juu. Asiyelijua hilo hakuajiriwa.

Lakini viatu vya mti vikionekana vimekaa bure, mwenye kwenda kutawadha huvivaa. Ndiyo ada, wala haombi mtu ruhusa. Adhuhuri moja msimamizi, Bwana Msellem, alivivaa vya fundi Matano mpaka kisimani. Safari, mtu wa injini, alitazama chini ya swichi, hakuona kitu, akawasha. Matano akafia juu ya nguzo.

Mkewe, Mwanakhamis, alikuwa uani mwa kiwanda akichambua makonyo. Alimwona Msellem akirudi na viatu vimerowa. Jioni ile ile Msellem akatangaza kwamba marehemu alisahau kuvua viatu.

Eda ilipokwisha, Mwanakhamis alirudi kazini akitaka neno moja tu lisemwe: Matano alivua. Viatu vya mumewe alikuwa ameviweka nyumbani, mvunguni mwa kitanda. Siku fundi mpya, Himid, alipopanda nguzoni, viatu vilitoka mvunguni, vikashika njia ko, ko, ko, wauza samaki wakavipisha, vikaja kusimama chini ya swichi. Safari alisema vimechelewa kidogo.

Msellem alikuwa na haraka ya kuwasha. Alivisukuma kwa mguu, havikwenda. Akavikamata kwa mikono miwili, vizito kama jiwe la kusagia. Basi akakaa kitako akangoja, na Himid akateremka mzima. Tangu hapo ndiyo kazi yao, na kiwandani hajafa mtu tena.

Msellem alifurahi mno. Kila akija mfanyakazi mpya humsimamisha mbele ya viatu na kumweleza habari za Matano aliyesahau. Siku moja Mwanakhamis roho ilimwaka, akauacha ungo wake akasimama kati yao.

"Alivua," alisema. "Ukavivaa wewe, Bwana Msellem, ukaenda kutawadha."

Msellem hakukasirika. Aliinua mikono. "Mwenyezi Mungu amrehemu Matano, amsamehe kusahau kwake."

Wote wakaitikia amin. Mwanakhamis naye akaitikia, kwani dua ya mumewe angeikataaje?