Mchuzi Usio na Pilipili

Mwanamume asiyejua hata kuchemsha yai, leo kajifunga aproni! Mama Uzi aliegemea mlango wa jikoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akamtazama mumewe akikata viazi vidogo vidogo kama vya mtoto anayeota meno. Mama Uzi alikuwa mshonaji, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu hatoki nje bila vipande vya uzi nguoni. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Kesho, kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa anakwenda kupiga kambi msituni na mwenzake wa karakana.

"Lete nikusaidie."

"Hapana, mke wangu. Usiguse kitu. Hiki nakipika mwenyewe."

"Hata kitunguu nisimenye?"

"Hata kitunguu."

Makubwa haya! Mtu ambaye mpaka jana alikuwa akiuliza chumvi inakaa wapi, leo kitunguu kimekuwa siri ya serikali. Mama Uzi alirudi chumba cha mbele kwenye cherehani yake. Mguu ulikanyaga, lakini masikio aliyaacha jikoni.

Fundi alikuwa na mpango wake, hilo huwezi kumnyima. Kila alichopika alikipoza, akakifunga kwenye mifuko ya plastiki, akailaza bapa ndani ya friza igande. Kikishaganda kitapangwa kwenye boksi la barafu, kitajipoza chenyewe njiani, na huko kambini itabaki kupasha moto tu. Sawa, hiyo ndiyo kazi yake. Kilichomkera Mama Uzi ni kingine. Fundi alipokwenda kuoga, mkewe alinyemelea sufuria ya mchuzi wa nyama, akaonja. Pilipili hakuna, hata ya kusingizia. Chumvi ya kubahatisha. Nyama imechemshwa mpaka inameguka kwa ulimi. Na huyu ni mume anayekula pilipili mpaka jasho linamtiririka, halafu anaomba nyingine!

Akampigia simu dada yake.

"Mdogo wangu, fumbua macho," dada mtu alisema. "Chakula laini, hakina pilipili, na wewe hutakiwi kukigusa. Hapo kuna mwanamke. Tena mjamzito, kila kitu kinamchefua."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nisiseme? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Mama Uzi alikata simu. Watoto walishaondoka, kila mmoja na nyumba yake. Humu ndani alikuwa amebakiwa na huyu mmoja tu, wa kugombana naye asubuhi na kucheka naye jioni, na sasa huyu naye anapikia watu. Alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Kisha hasira zikampanda.

Fundi alipotoka kununua barafu, Mama Uzi alichukua kopo la pilipili ya unga, ile kali ambayo hata mumewe huiheshimu. Hakuchota kwa kijiko, alilipindua kopo. Akakoroga, akafunika.

"Haya, mke mwenzangu, karibu chakula," alisema kwa sauti, na roho yake ikatulia.

Fundi alirudi akaumimina mchuzi kwenye mifuko. Akapiga chafya, akalaumu vumbi.

Asubuhi hema lilikuwa limeshafungwa juu ya gari, boksi liko mlangoni. Mama Uzi alisimama kizingitini, mikono kiunoni, amwone huyo mwenzake wa karakana ana sura gani. Teksi ikasimama. Ukatangulia mkongojo, ukafuata mguu mmoja, kisha mzee mwembamba mwenye begi kuukuu la mgongoni.

Alikuwa baba mzazi wa Mama Uzi.

Mzee huyo alikuwa askari wa misitu maisha yake yote. Mama yake Mama Uzi alipougua, mzee alitumiwa habari huko kambini, akasema anamalizia doria. Alifika mama ameshazikwa. Siku hiyo Mama Uzi aliapa mbele ya ukoo mzima: mtu huyu hatakula tena alichopika yeye, wala hatakula chini ya paa lake. Tangu hapo hawakusemezana.

"Umenidanganya," alimwambia mumewe.

"Nimekudanganya, ndiyo. Lakini kiapo chako sijakivunja. Nimepika mimi, wewe hukugusa. Na tutakula porini."

"Kwa sufuria zangu!"

"Sufuria hukuzitaja." Fundi akashusha sauti. "Alitaka kulala kwenye hema mara moja tu kabla miguu haijamkataa. Ana vidonda vya tumbo. Daktari kampigia marufuku pilipili."

Kumbe hakuna mwanamke! Furaha ilimjaa Mama Uzi, na haikukaa. Alilikumbuka kopo la pilipili.

"Hujambo, mwanangu," mzee alisema kutoka getini. Akafika mlangoni, akainama alishike boksi, asaidie kulibeba.

"Usile huo mchuzi!"

Mzee akasimama. Hakuwa ameisikia sauti hiyo ikimwelekea tangu msibani.

"Nimeutia pilipili," Mama Uzi alisema. "Kopo zima."

"Kwa ajili yangu?"

"Nilidhani ni wa mwanamke."

"Mwanamke gani?" Fundi aliruka.

"Wewe nyamaza kwanza!"

Mzee aliutazama mkongojo wake. "Mngeupasha moto tu, mimi ningeula," alisema. "Ningejua umepita mkononi mwako, ningeula wote."

Mama Uzi alitaka kumjibu neno chungu. Alikuwa nayo mengi, aliyatunza miaka yote hiyo. Badala yake machozi yakamtoka waziwazi, pale mlangoni, watu wakipita barabarani, na wala hakujali.

"Sijakusamehe," alisema. "Usijidanganye. Lakini hutaondoka hapa na njaa. Ingia, napika mwingine."

Mzee hakusogea. Alimwangalia mkwewe, akaangalia paa, kama mtu anayeogopa kukanyaga pasipo pake.

"Baba," Mama Uzi alisema, akampisha mlangoni. "Nimesema ingia."