Kifaranga wa Chumba cha Seva

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki, yaani kumi na tisa: haya ni kweli tupu, toka mwanzo hadi mwisho. Ningekuwa mtu wa kutia chumvi ningesema nilikuwa na seva kumi. Nilikuwa nazo tatu.

Nilizipata kwenye ofisi moja iliyokuwa inahama, nikazipanga katika kile chumba kidogo kinachopakana na chumba chetu cha kulala. Mimi nilistaafu ukarani wa stoo; kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kuziharibu. Ndani ya seva hizo mlikuwa na picha za wajukuu wote, na filamu za zamani ambazo sielezi nilizipataje. Tatizo lilikuwa feni. Kila seva ina feni sita, ndogo kuliko kiganja cha mtoto, lakini zikianza, maji kwenye glasi yalicheza, na jirani wa nyumba ya tatu alitoka nje kutafuta ndege angani.

Mke wangu ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini na moja ya leba imemzoesha mayowe, ila ya watu. Jumatatu moja mchana, usingizi wake wa baada ya chakula ukiwa umekatizwa kwa mara ya nne, alisimama mlangoni na shuka begani.

"Baba watoto, chumba hiki uliniahidi ni cha cherehani yangu."

"Mama watoto, subiri kidogo tu."

"Nimesubiri miaka minne. Sasa sikiliza. Jumamosi saa nane nalala. Nikisikia mvumo, hata wa nyuki, mashine zinatoka, cherehani inaingia, na cha kwanza nitakachoshona utakivaa mwezi mzima."

"Na usiposikia?"

"Chumba chako mpaka ufe."

Tukapeana mikono. Alipokuwa anaondoka akageuka. "Ila mgonjwa anayehema hivyo hafunikwi, mzee. Hufunguliwa dirisha."

Nikacheka. Mkunga aniambie nini kuhusu kompyuta?

Jioni hiyohiyo nikaenda kwa jirani mfuga kuku, nikarudi na trei za mayai, zile za karatasi, nikazipigilia ukutani kote. Jumanne nikaziba dirisha kwa godoro. Jumatano nikazivisha seva blanketi. Kila nilipoziba, kelele zilipungua kwa dakika kumi, kisha chumba kikapata joto, na feni zikiona joto zinazidi kukimbia. Nikaziba zaidi, zikakimbia zaidi. Alhamisi ndizi mbichi iliiva huku naitazama, na mshumaa juu ya rafu ukainama mpaka ukagusa sakafu. Mke wangu akapita koridoni anaimba. Nyimbo zake ndizo zilizonitisha.

Jumamosi saa nane akajilaza. Kimya. Hata saa ya ukutani ilisikika. Baada ya robo saa akaja, kanga kiunoni, macho kayafinya.

"Kimya hiki sikiamini. Ziko hai hizi?"

"Ziko hai na zina joto! Ushahidi huu hapa." Nikafungua kiganja. Kifaranga, wa manjano, analia. "Kulikuwa na yai limesahaulika kwenye trei. Joto la seva zangu limeliangua leo asubuhi. Mashine iliyozimwa inaweza kuangua yai?"

Akampokea kwa mikono miwili, akamgeuza, akamkagua kitovu na miguu, kama alivyokagua nusu ya watu wa mtaa huu.

"Mzima kabisa. Hongera. Trei ulipigilia lini?"

"Jumatatu," nikasema kwa majivuno.

"Na leo?"

"Jumamosi."

Akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Siku tano. Yai la kuku huatamiwa siku ishirini na moja. Mume wangu, nimeona wanaume wakihesabu miezi nje ya leba wasipate jibu, lakini hesabu mbovu kama yako sijaipokea." Akaweka kiganja juu ya seva. "Na huyu mama yake ni wa baridi. Kafa saa ngapi?"

"Saa saba na nusu," nikasema, kwa sababu nilishachoka.

Hapohapo sauti ikaruka ukuta wa nyuma: "Mzee! Ukimaliza na kifaranga wangu mrudishe, mama yake ananidonoa!"

Nikalipa dau letu. Nilizibeba seva moja moja hadi kwenye baraza ya nyuma, yenye nondo na upepo. Mke wangu akaniambia niziwashe. Feni zikapiga yowe, kisha zikashuka, zikashuka tena, mpaka zikabaki na mnong'ono ambao kuku wa jirani waliuzidi.

"Hewa," akasema. "Sikukwambia?"

Halafu nikabeba cherehani, ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, na mgongo wangu haujanisamehe. Cha kwanza alichoshona ni aproni ya waridi yenye marinda, na kifaranga wa manjano katariziwa kifuani. Siku ya kwanza niliivaa ndani tu. Akasema tulipopeana mikono hatukutaja ndani. Sasa naivaa hadi ukutani kwa jirani, ambaye kila asubuhi ananiuliza kama nimetaga.

Jana nilimwambia mke wangu zimebaki siku kumi.

Akasimamisha cherehani, akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu. Zimebaki kumi na nane.