Benchi la Kumi na Mbili

Karakana ya chuo ilikuwa na mabenchi kumi na mawili ya mbao ngumu, na yote alikuwa ameyaunda mwalimu wa useremala kwa mikono yake mwenyewe. Yalilingana kimo, na hiyo ndiyo iliyokuwa jeuri yake. Wanafunzi walimwita Mzee Randa, maana hakuwa na simile: ukimletea mbao yenye mawimbi, atakurudisha uirande hata mara kumi, viganja vikiota malengelenge shauri yako.

Ukali huo uliyeyuka alipoingia binti wa kiti cha magurudumu. Mwenyewe alijiita Dereva, kabla wenzake hawajamtafutia jina baya zaidi. Baba yake alikuwa amempa mwaka mmoja tu. Akifaulu, angemfungulia karakana uani. Akishindwa, angekwenda kukaa kwa shangazi yake, apokee simu dukani, na habari za useremala ziishie hapo.

Siku ya kwanza benchi lilimfika kidevuni.

"Mwalimu, naomba hili moja ulipunguze miguu," alisema. "Msumeno ukiwa juu hivi sipati nguvu."

"Nikate benchi langu?" Mzee Randa akacheka. "Usijali, mwanangu. Mimi nipo."

Na kweli alikuwepo, Mungu amsamehe. Dereva alipima na kuchora, mwalimu akakata. Dereva akishika patasi, mwalimu aliipokea kwa upole, akachimba tundu mwenyewe. Binti aliomba benchi mara ya pili, akaomba mara ya tatu, kisha akanyamaza, na mzee wa watu akadhani ameridhika. Wengine aliwafokea mpaka wakajua kazi. Huyu alimwonea huruma, akaiita huruma ile wema. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini nani atamsomea mwalimu methali?

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Msimamizi alitoka chuo kingine, mama wa maneno machache, naye alimtoa mwalimu nje. Kazi ilikuwa kuunda stuli. Dereva alichora vizuri kuliko darasa zima. Kisha akainua msumeno mpaka usawa wa uso, na mkato ukaenda upogo. Miguu ya stuli ikagoma kuingia kwenye matundu yake. Mzee Randa alikuwa dirishani, mikono nyuma kama mshtakiwa, na hapo ndipo alipotambua kwamba binti yule hajawahi kukata mbao hata moja mpaka mwisho.

Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioshindwa. Mwalimu akarudi karakana, akalipindua benchi la kumi na mbili, lile la Dereva, akalikata miguu yote minne. Ilimchukua nusu saa. Akakaa kwenye vumbi la mbao akalia bila kuona haya. Nusu saa, na alikuwa amepewa mwaka mzima.

Wiki iliyofuata Dereva alikuja kuchukua vifaa vyake. Baba yake alibaki nje na begi la safari. Mwalimu alimwonyesha benchi kwa kidole. Binti akasogeza kiti, magoti yakaingia chini bila taabu. Akabana kipande cha mbao, akakata. Mkato wa kwanza ulipinda. Wa pili ulipinda kidogo. Alipoanza wa tatu, mwalimu aliikamata mikono yake mwenyewe isije ikamsaidia.

Ulinyooka. Binti akaupitishia kidole.

"Kumbe ilitaka asubuhi moja," alisema.

"Nisamehe, mwanangu. Ngoja nikazungumze na baba yako."

"Nimeshazungumza naye, mwalimu." Akaanza kukusanya vifaa vyake. "Aliniuliza nimetengeneza nini kwa mkono wangu mwaka mzima. Sikuwa na cha kumwonyesha."