Namba Zilizoruka

Picha ilikuwa nzuri mno, na picha nzuri mno huniwasha. Soko liliungua asubuhi. Alasiri binti mmoja, mwanafunzi wangu, akaniletea picha yake: mama ameketi mbele ya kibanda kilichobaki majivu, mkono shavuni, chozi linang'aa. Mhariri, ambaye ni mjomba wa binti huyo, alikuwa ameshaitengea ukurasa wa kwanza. Ikitoka, binti anapata ajira.

"Nyingine ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zilikuwa mbovu, Mama. Nimezifuta."

Kwangu hakuna anayefuta. Nimezeeka na kamera shingoni, nikiwafundisha watoto wa watu jambo hilohilo: niletee kadi nzima ya kamera na uchafu wake, maana picha iliyotangulia na iliyofuata ndizo mashahidi. Nikatazama namba za picha. Zilifuatana vizuri, ghafla zikaruka. Nikaichomeka kadi kwenye kompyuta, nikazirudisha zilizofutwa. Kadi haisahau upesi, na huyu mjanja wangu hakulijua hilo.

Yule mama alikuwa anapita zake na beseni kichwani. Picha iliyofuata, ameinua kiganja: hataki. Kisha beseni liko chini, na mkono wa binti umeingia kwenye picha, uko begani mwa yule mama, unamkalisha. Chozi lenyewe la moshi. Maelezo ya picha yalisema amepoteza kila kitu. Mwenye kibanda nilimpiga picha mimi mwenyewe asubuhi, akipakiwa kwenye gari la wagonjwa, ngozi imebabuka. Nilipandwa na hasira.

Nikaenda kwa mhariri. Alinicheka usoni.

"Wivu tu huo. Bibi mzima unashindana na mtoto? Picha inatoka."

"Haya, baba."

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hiyo ulimwengu nilikuwa mimi. Niliwaita wanafunzi wote chumba cha habari, nikazionyesha zile picha kwenye skrini kubwa, moja baada ya nyingine, mhariri amesimama mlangoni. Nilipofika kwenye ule mkono begani, nikasoma maelezo ya picha kwa sauti. Mmoja akacheka, nikamwacha acheke. Mhariri akageuka, akamwita mpanga kurasa atafute picha nyingine, na hapo nikajua ukurasa wa kwanza umebadilika.

Binti alikuwa analia kwa kwikwi.

"Ungeniambia tukiwa wawili tu, Mama."

"Yule mama alikukatalia mkiwa wawili. Ulimsikia?"

Alivua kamera ya ofisi, akaiweka mezani taratibu kama nilivyomfundisha, lenzi juu, akatoka. Hakurudi tena.

Sijutii picha kutotoka. Lakini wale waliobaki hawaniiti Mama tena. Wananiita Mwalimu, wanasimama nikiingia, wakikosea wanafichiana makosa nisiyaone. Inaniuma, na sina wa kumwambia.